Jembe Lisilo na Mpini

Mwaka ule ziwa lilikuwa limerudi nyuma. Wazee wa Ujiji walisema tangu wapate akili hawajaliona likirudi namna ile, na pale ambapo zamani mitumbwi ilifungwa pakabaki mchanga mtupu, mpana, wa kuunguza nyayo ikifika saa tano. Watoto wakapaita Jangwani. Jina likashika, hata watu wazima wakawa wanasema "nimeanika Jangwani", maana wanawake wa kwetu hawaachi mchanga ukae bure. Waliugawana, kila mmoja na kipande chake cha kuanikia dagaa.

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, na kipande chetu kilikuwa kikubwa kuliko vya wenzetu. Ndiyo maana tamasha la sanaa lilipokuja, nyumbani kwetu, mtaa wa Kasingirima, lilianza kwa ugomvi. Shirika moja lililokuwa likihudumia wakimbizi liliamua kuwakusanya wasanii wa makambini, Warundi na Wakongo, waje mjini wacheze pamoja na wasanii wa huku kwa siku nne, watu waonane, wazoeane. Wakatafuta mahali penye nafasi. Penye nafasi ni wapi tena zaidi ya Jangwani? Wanawake wakaambiwa waanue dagaa wao hadi ngoma ziishe.

"Wao wamepata pa kupigia ngoma," baba akasema, "mimi dagaa niwaanike kichwani kwangu?" Hakukanyaga kule siku zote nne. Baba yangu akisusa, amesusa.

Mimi nilikwenda tangu siku ya kwanza, na nilikwenda kwa kazi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi cherehani, nina kibaraza changu karibu na soko la Ujiji, na mdomo wangu wakati ule ulikuwa mkali kuliko mkasi wangu. Watu wa shirika walitaka fundi wa kukaa palepale, ashone na kutia viraka mavazi ya wasanii. Wakanibebea cherehani mpaka mchangani, wakanifungia turubai juu, nikawa na ofisi jangwani.

Kabla sijafika kwake yeye, kijana wa kisa hiki, acha nieleze kwanza habari ya majembe, kwa sababu bila hiyo mengine hayaeleweki. Miaka ile ya wakimbizi, asubuhi haikupita bila mtu kubisha hodi kwetu akiwa na jembe begani. Wengine walitoka makambini bila kibali kwa sababu posho haikutosha, wengine kambini hawakuwahi hata kufika. Wote walitafuta kibarua. Baba alikuwa na shamba Mwandiga, michikichi na muhogo, na kwa watu hao alikuwa na utaratibu wake. Akiwa na kazi, analipokea jembe na kuliegemeza ukutani uani. Maana yake umepata, kesho asubuhi njoo ulichukue muende Mwandiga. Akiwa hana kazi, anakurudishia jembe lako mkononi, na hakuachi uondoke hivihivi, anakufungia dagaa kwenye gazeti. Maneno hayakuwa mengi. Wengi wao hawakujua Kiswahili, na baba Kirundi hakukijua. Nimeliona hilo tangu nasoma shule ya msingi, na sikuwahi kulifikiria mara mbili.

Basi. Kijana huyo alikuja siku ya kwanza, saa nne asubuhi, akasimama nje ya turubai anaona haya. Alikuwa mrefu, mabega mapana, shati limepigwa pasi sijui kwa mkaa wa wapi. Kikundi chao kilikuwa cha maigizo, kutoka kambi moja upande wa Kasulu, na katika mchezo wao yeye ndiye aliyecheza bibi kizee. Nguo ya bibi ilikuwa imechanika kwenye lori njiani.

"Fundi, nahitaji gauni."

"La mkeo?"

"Sina mke. La kwangu."

Nikamtazama juu mpaka chini. "Na makalio ya bibi utayatoa wapi?"

"Hayo ndiyo nimekuja kukuomba," akasema, wala hakucheka.

Nilicheka mimi mpaka sindano ikaniponyoka mdomoni. Kisha nikachukua futi nimpime. Nimepima watu tangu nina miaka kumi na sita, wanene kwa wembamba, mabwana harusi, hata mashehe, namba haijawahi kunipotea. Yule nilimpima kifua mara tatu, na mara zote tatu nikapata namba tofauti. Yeye akasimama, mikono ameinyoosha pembeni, anatazama ziwani. Nikajua nimepatikana. Sitaki kuzunguka maneno: nilimpenda palepale, futi ikiwa bado shingoni kwangu.

Mchezo wao niliutazama mara zote tatu walizoucheza. Ulimhusu bibi anayekataa kupanda lori la kurudi kwao mpaka kuku wake akamatwe. Kijiji kizima kinamkimbiza kuku, na watu wa Ujiji walicheka mpaka wakakaa chini mchangani. Halafu kuku anakamatwa, na bibi bado hapandi. Anakaa juu ya mzigo wake, anasema yeye haogopi njia, anaogopa kufika na kukuta hakuna hata mmoja anayemwita kwa jina. Hapo hakucheka mtu. Wanawake wa dagaa, ambao asubuhi yake walikuwa wanalitukana tamasha, walijifuta macho kwa ncha za khanga.

Baada ya mchezo wa kwanza alikuja turubaini kwangu, bado amevaa gauni na makalio yake ya matambara. Nikamwambia, "Shikamoo bibi." Akaitikia "marahaba" kwa sauti ya kizee, akakaa kwenye ndoo. Tangu hapo akawa anakuja kila akipata nafasi. Ananishikia kitambaa nikikata, ananiokotea pini mchangani. Aliingia nchini akiwa na miaka kumi na mmoja, Kiswahili alikisomea kambini, na alikuwa akiongea kwa adabu kama mtu anayesoma barua. Kulala alisema "kurara". Nikawa namwigiza, naye haoni vibaya. Akasema kambini mtu huwezi kupanga jambo la mwezi ujao, kila kitu unaambiwa na tangazo lililobandikwa ubaoni, hata siku ya kurudi kwenu utaisoma ubaoni. "Hapa," akasema, "kwa mara ya kwanza napanga kitu mwenyewe."

"Unapanga nini?"

Hilo lilikuwa alasiri ya siku ya pili. Akaweka pini kwenye kopo, moja moja, kisha akasema, "Kibali changu kinaisha keshokutwa. Nikituma mtu kwa baba yako, atapokelewa?"

Mkasi nikauweka chini. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Nikakumbuka baba, nikakumbuka dini, yeye Mkatoliki na mimi mtoto wa Kiislamu wa Kasingirima, nikakumbuka watu watakavyosema, eti mtoto wa fulani kakosa mume mpaka kachukua mkimbizi.

"Atakukataa," nikamwambia.

"Akinikataa nitajua nimekataliwa. Lakini anisikie kwanza. Dini tutaongea, mimi si mtu wa kushindwa kuongea."

"Basi usije mwenyewe. Tuma mtu mzima. Aje asubuhi, baba akiwa ametulia. Na afuate taratibu, baba yangu anapenda taratibu."

"Taratibu naijua," akasema. Halafu akaniomba kipande cha kitambaa, cheupe, kisafi. Nilidhani ni cha mchezo. Nikamkatia, nikakipiga pindo pande zote nne, na kwa kuwa uzi mweupe ulikuwa umeniishia nikatumia mwekundu. Akakikunja vizuri, akakitia mfukoni.

Hapo ndipo tulipokosea, sote wawili. Kwetu posa ni barua. Inaandikwa kwa mwandiko mzuri, inafungwa kwenye leso pamoja na pesa kidogo, na baba hata kabla hajaifungua anajua ni kitu gani. Mimi nilidhani dunia nzima inaposa hivyo. Yeye naye alikuwa na taratibu ya kwao, na alidhani dunia nzima inaijua.

Siku ya tatu niliondoka nyumbani mapema, kwa sababu binti hakai mlangoni mshenga anapokuja. Asubuhi nzima sikushona kitu cha maana. Nilishona mkono wa shati kwenye shingo, nikafumua, nikarudia kosa lilelile. Saa saba nikarudi nyumbani, nikamkuta mama anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama, kuna mgeni alikuja?"

"Mgeni gani? Hakuna mgeni. Ni hao wa majembe tu, mzee mmoja, baba yako kamrudisha."

Baba akala ugali wake wa muhogo, akanawa, akalalamika kuhusu dagaa wanaooza ghalani, akaenda kuswali. Hakunitazama kwa namna yoyote ya pekee. Nikajipa moyo: labda mshenga atakuja alasiri. Alasiri hakuja mtu.

Kule Jangwani, yeye naye hakuja turubaini. Pindo la gauni la bibi lilikuwa limefumuka, akamtuma mwenzake alilete. Nikamwona kwa mbali nikamwita. Akasimama, akainamisha kichwa, akanisalimia kwa heshima kama unavyomsalimia mke wa mtu, akaenda zake. Siku nzima ikawa hivyo. Nikiangalia upande wake, anaangalia ziwani.

Jamani, mtu akikugeuka hivyo unawaza nini? Mimi niliwaza yote. Niliwaza ana mke kambini na watoto. Niliwaza alikuwa anaigiza, kwani si ndiyo kazi yake? Niliwaza wenzake walimcheka. Kitu kimoja tu sikukiwaza, kwamba alituma mtu. Usiku nilijifunika khanga nikalia bila sauti, mama asisikie, na kulipokucha machozi yalikuwa yamekwisha na kimebaki kisirani kitupu.

Siku ya nne tamasha lilikwisha saa sita. Lori likaja kuwachukua. Askari alisimama nyuma yake na karatasi ya majina, anaita mmoja mmoja, maana walioingia na kibali lazima waondoke wote, na wanawake wa kwetu walishaanza kurudi na makarai yao ya dagaa, kila mtu anatafuta kipande chake. Mimi gauni la bibi nilikuwa nimelimaliza tangu asubuhi. Nililipiga pasi kwa hasira, nikalikunja, nikampelekea palepale kwenye foleni.

Alilipokea kwa mikono miwili. "Asante, fundi."

Fundi. Hilo neno lilinimaliza. Nikasema kwa sauti, na nilitaka watu wasikie:

"Siku nyingine ukija Ujiji usituletee maigizo. Njoo na jembe kama wenzako. Baba yangu atakupa kibarua."

Wenzake wakageuka. Kuna mwanamke wa dagaa alicheka, na mimi nikafurahi kwamba amecheka. Yeye akainua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu juzi, na nikaona macho yake ni mekundu.

"Nilishalileta," akasema. Alisema polepole, bila hasira.

Nikaona ni jeuri. Nimemtupia neno, naye amenirudishia. Jina lake likaitwa, akapanda, akakaa na gauni magotini. Nikageuka kwenda kufunga cherehani yangu kabla lori halijawaka.

Baadaye kambi ile ilifungwa. Watu walirudishwa kwao, wengine kwa hiari, wengine kwa kuchoka kukataa, na malori yao hayakupita huku kwetu, yalipitia milimani kwenda mpakani. Nilisikia habari kwa wachuuzi waliotoka Kasulu. Sikuuliza jina la mtu. Ningeuliza kwa lipi, na mimi ndiye niliyemfukuza kwa maneno? Nikaolewa Katubuka na mtu mwema, hilo nalisema bila kificho, sina la kumlaumu. Nikazaa. Cherehani nikabadilisha mara mbili. Ziwa nalo likarudi, likapanda hadi Jangwani pakawa maji, na watoto wa sasa ukiwaambia jina hilo hawajui unasema wapi.

Mwaka mmoja, miaka mingi imepita, tulikuwa Mwandiga shambani. Mikungu ya michikichi ilikuwa imevunwa, tumekaa kivulini karibu na pipa la kukamulia mawese, tunachambua chikichi. Baba alikuwa ameshazeeka, kazi haiwezi tena, lakini hadithi anaziweza. Walikuwapo watoto wangu, na mama mmoja wa Kiha, mke wa mtu anayetutunzia shamba. Baba akaanza kuwachekesha watoto kwa vituko vya wakimbizi.

"Mwaka ule wa ngoma za Jangwani," akasema, "nilipata kituko. Asubuhi, hodi. Nafungua, mzee wa Kirundi, kavaa koti la suti kwenye joto lile, kofia kaishika mkononi. Kaleta jembe. Lakini jembe jipya kabisa, la dukani, halina mpini! Sasa nikajiuliza, huyu anataka kulima na nini, na meno?"

Watoto wakacheka. Mimi pia nilicheka.

"Ngoja. Kalifunga jembe kwenye kitambaa cheupe kama keki. Kakaa barazani, hasemi, ananitazama tu kama anayengoja nimletee kinywaji. Kiswahili chake maneno matatu. Nami wiki ile sina kazi, dagaa wamenikwama, shamba kavu. Nikamrudishia jembe lake kwa adabu, mikono miwili, nikamfungia na dagaa. Mnajua alifanya nini? Alisimama, akavaa kofia yake, akaondoka. Dagaa akawaacha palepale barazani. Mtu ana njaa, anaacha dagaa."

Mikono yangu ilikuwa imeshasimama. "Kitambaa kilikuwaje, baba?"

"Cheupe. Kimeshonwa pindo kwa uzi mwekundu. Nakumbuka kwa sababu nilisema, hata mkimbizi ana fundi wake."

Yule mama wa Kiha akaweka kisu chini. "Mzee," akasema, "hilo jembe halikuwa la kulima."

"La nini sasa?"

"La kuposea. Jembe jipya lisilo na mpini, kaleta mtu mzima aliyevaa koti. Hata huku kwetu, bibi zetu waliolewa kwa majembe. Ukilipokea, umekubali kutoa binti. Ukilirudisha, umemnyima aliyelituma, hana ruhusa hata ya kumsimamisha binti njiani."

Baba akacheka kidogo, kisha akaacha. "Binti gani?" akasema. "Mimi binti ninaye huyu mmoja tu."

Akanigeukia. Nilikuwa nimeinamia mkungu wangu, vidole vyekundu kwa mafuta.

"Ulimjua aliyemtuma?"

"Nilimshonea gauni, baba," nikasema.

Watoto walitaka kujua mwanamume anashonewaje gauni, yule mama akawachukua kwenda kuchota maji. Baba alikaa na mikono yake mapajani, anaitazama. Tulipokuwa tunarudi Ujiji ndipo aliponiambia, "Mama, angeleta barua ningemsikiliza." Hakusema angekubali, na namshukuru hakusema, kwa sababu angekuwa ananidanganya kunifariji. Alifariki mwaka uliofuata. Mpaka anakufa, hadithi ile hakuisimulia tena.

Watu wangu wachache niliowaambia wanamlaumu baba, wengine wanamlaumu huyo mzee kwa Kiswahili chake cha maneno matatu. Mimi nawaacha waseme. Baba alirudisha jembe lile kwa heshima aliyoijua, mikono miwili, na dagaa juu yake. Mzee aliondoka na heshima aliyoijua yeye. Na kijana mwenyewe, siku zile mbili za mwisho, alikuwa ananiinamishia kichwa kwa sababu alikuwa ameshanyimwa, na kwao ndivyo mwanamume muungwana anavyofanya. Ni mimi peke yangu niliyemtukana. Nilimwambia aje na jembe, mbele ya watu, na watu wakacheka. Naye akanijibu ukweli mtupu, neno moja, nami sikumuuliza maana yake.